Pumziko la Pamoja Mjini Kigali

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha uamuzi ambao mpita njia angedhani unahusu mishale ya saa tu: kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2023 ofisi zifunguliwe saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, katikati pawe na saa moja ya chakula, na shule zianze masomo saa mbili na nusu. Saa ile ya baina ya mbili na tatu mtumishi aliruhusiwa kuifanyia kazi nyumbani kwake. Watu wa Kigali, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamezoea kuwatia watoto njiani kabla ya kupambazuka vizuri, waliipokea habari hiyo kwa furaha iliyochanganyika na mashaka, na hawakukosekana waliouliza kama taifa lililojitwika azma ya kujenga uchumi wake kwa haraka lina haki ya kulala saa moja zaidi. Serikali ilieleza kuwa makusudi yake ni ubora wa elimu na ustawi wa jamaa majumbani. Kisha mwezi wa Mei mwaka 2023 sheria ya kazi ya mwaka 2018 ikarekebishwa: juma la kazi likashushwa kutoka saa 45 hadi saa 40, likizo ya uzazi ikapanda kutoka wiki 12 hadi 14, na baba aliyejaliwa mtoto akapewa siku 7 za kazi mahali pa zile 4 za zamani.

Ukizisoma sheria za majirani sambamba na hiyo utaona kwamba Afrika Mashariki haikukosa kanuni za pumziko. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2004, inamwekea mfanyakazi kikomo cha saa 45 katika juma na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, inaruhusu saa 48. Kenya inatoa siku 21 za kazi za likizo, na Rwanda yenyewe huanzia siku 18. Hesabu hizi zina faida yake, hasa kwa mtu anayedai haki mbele ya hakimu, lakini mimi sioni kama zinafika kwenye kiini cha jambo. Saa ya faragha ni mali ya ajabu, ambayo thamani yake hupanda kadiri wengine nao wanavyoipata. Mtu aliyepewa Jumanne nzima kuwa yake, ilhali mkewe yu kazini, wanawe wako shuleni, jirani yake yuko dukani na rafiki zake wote wako mbioni kutafuta riziki, atazunguka ua wa nyumba mpaka adhuhuri, atafagia pasipohitaji ufagio, na alasiri itamkuta anatamani kesho ifike arudi kazini.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1929 serikali ya Kisovieti, kwa tamaa ya kuona mitambo ya viwanda haizimwi hata siku moja, iliivunja Jumapili na kuwagawa wafanyakazi makundi matano, kila kundi na rangi yake na siku yake ya kupumzika katika juma jipya la siku tano. Kwenye karatasi mfanyakazi alikuwa amepata faida, kwa sababu aliyekuwa akipumzika siku moja katika saba sasa alipumzika siku moja katika tano. Lakini mume aliangukia rangi moja na mke rangi nyingine; aliyekuwa huru hakuwa na wa kumtembelea, na aliyetembelewa alikuwa amechoka; malalamiko yakazagaa nchi nzima. Mwaka 1931 siku moja ya pumziko kwa wote ilirejeshwa, ingawa katika juma la siku sita, na mwaka 1940 juma la siku saba likarudi pamoja na Jumapili yake. Hali kadhalika wanamapinduzi wa Ufaransa, waliotunga mwaka 1793 juma la siku kumi, waliona kazi yao ikifutwa na Napoleon mwanzoni mwa mwaka 1806. Dola inaweza kuamrisha mengi, lakini ikimnyang'anya mtu siku ambayo jamaa yake pia anapumzika, hata ikimpa siku nyingine badala yake, bado imemnyang'anya.

Kigali ni mji uliolifahamu jambo hili na kulitenda kwa mkono wa serikali, kwa namna ambayo sijaiona mahali pengine katika eneo letu. Watumishi wa umma huruhusiwa kuacha meza zao Ijumaa alasiri waende wakafanye mazoezi, kila idara na timu yake ya kandanda, ya wavu au ya mbio. Fauka ya hayo, tangu Mei 2016 barabara kuu kadhaa za mji hufungiwa magari Jumapili asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa nne, kwa ajili ya ile inayoitwa na wenyeji siporo rusange, yaani mazoezi ya umma. Ilianza mara moja kwa mwezi, baadaye ikawa mara mbili.

Anayetaka kuiona na asimame kwenye mteremko wa Kimihurura yapata saa mbili. Lami ile ile ambayo Jumatatu husongamana magari na pikipiki, Jumapili hiyo imejaa watu kutoka ukingo hadi ukingo. Kuna mzee wa suruali ya kitambaa na raba nyeupe, anatembea mikono nyuma kana kwamba anakagua shamba lake. Kuna watoto wenye viatu vya magurudumu, wameshikana mashati, wa mbele akianguka wanaanguka wote. Akina mama wa mtaa mmoja, fulana zao za rangi moja, wanakimbia polepole kwa wimbo, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia, na mbio hazizidi mwendo wa wimbo. Rais Kagame mwenyewe huonekana siku nyingine miongoni mwa umati. Mwisho wa njia yupo mwalimu wa mazoezi juu ya jukwaa na kipaza sauti chake, na kando yake yamepangwa mahema ambamo wauguzi hupima watu bila malipo: shinikizo la damu, sukari, urefu na uzito.

Nina neno la kusema juu ya mahema hayo, ingawa sina shaka kwamba yameokoa watu wengi. Mji huu humpa mtu pumziko, kisha huliuliza pumziko lenyewe linafanya kazi gani. Ijumaa hutolewa ili mtumishi awe na siha, na siha hutakiwa ili Jumatatu azalishe. Jumapili ni ya kuzuia maradhi yasiyoambukiza, ambayo ni mzigo kwa hazina. Hoja hizo ni za kweli, tena za busara. Ujapani, ambako watu hufa kwa kuzidiwa na kazi, vifo viitwavyo karoshi, ilibidi itunge sheria mwaka 2018 ya kuwekea saa za ziada kikomo, na bila shaka ingependa kuwa na Ijumaa ya namna ya Kigali. Lakini uvivu halali, ule wa kuketi bila hoja wala dawa, nao una haki yake, na katika mji unaopenda utaratibu kama huu uvivu huo hujificha.

Hujificha, lakini haukufa; una nasaba ndefu. Wanyarwanda wa kale walikuwa na juma la siku tano, ya tano ikiwa ya kutoshika jembe. Walikuwa na igitaramo, mkesha wa hadithi, nyimbo na mashairi ya ng'ombe baada ya kazi za mchana, uliofanyika katika boma la mfalme na katika nyumba ya mkulima vile vile. Walikuwa na umuganura, sikukuu ya malimbuko ya mtama na ulezi, ambayo mfalme aliionja kwanza na taifa zima likaonja baada yake. Wabelgiji, walipotambua kwamba sherehe ile ndiyo uti wa mgongo wa ufalme, waliipiga marufuku mwaka 1925 na kumhamishia Burundi Gashamura, aliyekuwa mkuu wa ibada yake. Leo imerudi, na Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni siku ya mapumziko nchini kote. Si ajabu kwamba mtawala mgeni aliiogopa sikukuu kuliko alivyoogopa mikuki, maana watu waliopumzika pamoja kwa siku moja, wakala chakula kimoja kwa adabu moja, wamekwisha kujijua kuwa ni watu wamoja.

Walikuwa pia na igisoro, na hapo msomaji wa pwani atajisikia yuko nyumbani. Ubao una safu nne za mashimo manane manane na kete 64, thelathini na mbili kwa kila mchezaji, sawasawa na bao letu la Unguja na Lamu, japokuwa kanuni za kuchezea hazifanani. Wenye umri wao hucheza chini ya mti, au kwenye kibaraza cha duka, na watazamaji, kama ilivyo desturi ya bao popote lilipo, hujua zaidi kuliko wachezaji.

Kibaraza cha Kigali hasa kiko Biryogo. Mtaa huu, unaopakana na Nyamirambo, ndio uliokuwa kambi ya Waswahili wakati wa Wabelgiji, mahali walipotengewa Waislamu na wafanyabiashara waliokuja kutoka pwani, Tabora na Ujiji, na wengine waliofuata nyuma ya askari wa Kijerumani; msikiti wa Al-Fatah, ulio wa kwanza mjini, ulianza mwaka 1913. Kiswahili kimekuwa kikisemwa hapa kwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Bunge kukifanya lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Mwaka 2021, wakati wa maradhi ya korona, njia moja ya mtaa huo ilifungwa magari ili wenye mikahawa waweke meza nje kwenye hewa. Lami ikapakwa rangi za kila namna, na hali ya dharura ikageuka kuwa desturi. Jioni, baada ya magharibi, meza hujaa. Chai ya majani ya mnaanaa huja katika birika dogo, hukaa kitambo kabla ya kumiminwa, na hunywewa kwa kikombe kidogo ili isiishe upesi; makaa ya mishikaki yanafuka kando; samaki mzima analetwa kwenye sinia moja, na watu wanne wanamla kwa mikono, kila mmoja akijua mpaka wake. Hapana aliyeamrisha watu kuketi hapo, wala hapana anayepimwa presha.

Mtaa huu una saa zake pia. Siku ya Ijumaa adhuhuri wenye maduka hushusha milango nusu, wanakwenda msikitini, na baada ya swala wanarudi na kuipandisha. Uislamu haukuifanya Ijumaa kuwa siku ya kukatazwa kazi. Sura ya Jumaa inawataka waumini waache biashara mwito unaposikika, na swala ikiisha watawanyike katika ardhi kutafuta fadhila za Mola wao. Ni pumziko lililoshonwa ndani ya kazi, na lina tofauti kubwa na Jumamosi ya Wasabato, ambao nchini Rwanda ni wengi, wanaoifunga siku nzima kuanzia machweo ya Ijumaa. Jumapili nayo, kwa Wakatoliki na Waprotestanti, imekaa katikati: misa au ibada asubuhi, kisha chakula kirefu kwa jamaa. Mji mmoja, milango mitatu ya kuingilia pumziko, na kila mlango unafunguliwa na kundi zima kwa wakati mmoja.

Tukishuka pwani tutakuta kwamba ugomvi juu ya saa za faragha ulianza kabla ya sheria zetu za leo. Bandarini Mombasa, katika miaka ya 1930 na 1940, wapakizi wengi walikuwa vibarua wa kutwa: aliyetaka kazi alifika langoni alfajiri, akafanya, akalipwa, na kesho yake akaamua mwenyewe kama atarudi. Maofisa wa kikoloni waliuona mtindo huo kuwa uvivu, wakasikitika kwamba mtu akishapata mahitaji yake ya siku chache hujiondokea. Yeye alikuwa na hesabu nyingine. Alikuwa na shamba la mihogo ng'ambo, alikuwa na harusi ya binamu, matanga ya jirani, ngoma ya mtaa iliyomtaka siku tatu mfululizo. Aliikata kazi yake ifuate kalenda ya watu wake. Mgomo wa mwaka 1939, na ule mkubwa wa Januari 1947 uliousimamisha mji mzima, ilidai ujira na makazi, lakini mabwana walipotafuta dawa, mojawapo ilikuwa kumwandikisha kibarua na kumfanya mtu wa kila siku, awe na saa za kuingia na kutoka. Kazi hiyo ilikamilishwa katika miaka ya 1950. Mpakizi alipata uhakika wa mshahara na akapoteza ikhtiari ya siku zake, na sitaki kumhukumu yeyote aliyeona kwamba biashara hiyo ilikuwa ya haki, kwani njaa ya Mombasa wakati wa vita haikuwa ya mchezo.

Siku ya pumziko inavyofunga na kufungua mahusiano huonekana vizuri zaidi kwa ndugu zetu walio Oman. Hadi mwaka 2013 Waomani walipumzika Alhamisi na Ijumaa, na kwa kuwa ulimwengu wa mabenki hupumzika Jumamosi na Jumapili, siku za kufanyia biashara pamoja zilikuwa tatu tu katika juma. Tarehe 1 Mei mwaka huo mapumziko yakahamishiwa Ijumaa na Jumamosi. Sababu iliyotajwa ilikuwa ya kiuchumi, lakini kwa familia zilizogawanyika kati ya Maskati na Unguja mabadiliko yale yalileta zawadi ambayo haikukusudiwa: Jumamosi, aliye Maskati na aliye Mji Mkongwe wote wawili wako nyumbani, na simu hazina haraka. Falme za Kiarabu zilikwenda mbali zaidi tangu Januari 2022, zikachukua Jumamosi na Jumapili na kuifanya Ijumaa nusu siku, na hotuba ya Ijumaa ikapangiwa wakati mmoja kwa nchi nzima baada ya kazi kuisha.

Turudi Kigali, kwenye usiku wake, kwani huko ndiko pumziko la mmoja linapogongana na la mwingine. Tarehe 1 Septemba 2023 ilianza amri kwamba baa, mikahawa na nyumba za burudani zifungwe saa saba usiku siku za kawaida, na saa nane usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kwa sababu ya makelele na ulevi. Vijana walinung'unika, na wapiga muziki wakahesabu hasara. Mimi nimekaa karibu na baa kiasi cha kutosha kujua upande gani wa ukuta nimesimama. Hata hivyo nakiri kuwa kijana anayemaliza zamu ya mapokezi hotelini saa tano usiku, akitaka naye kukaa na wenzake, amebaki na saa mbili tu.

Na huyo wa hotelini si mwenye shida kuu. Saa 40 za sheria, Ijumaa ya mazoezi na likizo ya siku 18 ni za mtu mwenye barua ya ajira. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria mwenye fulana ya namba na kofia ngumu mbili, moja ya kwake na moja ya abiria, analipwa kwa safari. Jumapili ya siporo rusange utamwona kwenye kizuizi cha polisi, mguu mmoja chini, akisubiri mkimbiaji aliyechoka. Mwanamke wa sokoni Kimironko anayepanga nyanya mafungu mafungu hana Jumamosi wala Jumapili, ana siku za kuuza na siku za kutouza. Msichana wa kazi za nyumbani ndiye aliyemwekea bosi wake raba mlangoni na ndiye atakayekuwa amechemsha chai atakaporudi. Kwao mambo yote niliyoyasifu ni tamasha la wengine.

Iko asubuhi moja tu katika mwezi inayowakuta wote hawa pamoja, na haikuitwa mapumziko. Ni ile ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo serikali ya Habyarimana iliifanya kazi ya lazima mwaka 1974, ikavunjika pamoja na nchi mwaka 1994, ikarudishwa mwaka 1998 na kuandikiwa sheria mwaka 2007. Kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutakiwa kutoka kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, na asiyetokea bila udhuru aweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Maduka yamefungwa, mabasi yamesimama, pikipiki zimeegeshwa. Wasabato hufanya yao Jumapili. Waliobaki wanazibua mtaro, wanafyeka nyasi, wanapanda miti, na kwa kusema kweli kazi yenyewe aghalabu haiwatoi jasho jingi, maana majembe ni machache kuliko mikono. Kisha hufuata mkutano wa mtaa, ambamo yanasemwa ya bima, ya usalama, ya mfereji wa fulani unaomwaga maji kwa fulani. Katika mkutano huo motari ameketi kwenye nyasi karibu na karani wa wizara, mwuza nyanya amenyoosha miguu, mwenye nyumba na msichana wake wa kazi wako chini ya mti mmoja, na hapana kati yao awezaye kuwa anapata fedha mahali pengine kwa saa hiyo. Inapotimia saa tano wengi hawaondoki mara moja. Nimewauliza baadhi yao kwa nini hawakimbilii biashara zao; motari mmoja akanijibu kwamba hata akikimbia, abiria wote bado wako hapa.